Aliyeshika Injini Alitazama Wapi

Mwaloni Nyamhela, ufukwe wa kushushia samaki nyuma ya vilima vya Buhongwa, watu wengi walimjua Sabina binti Kashindye, na wengi wao walimjua kwa kutukanwa naye. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mjane wa siku nyingi. Kila alfajiri aliwasha kuni chini ya kikaango kilichokatwa kwenye pipa, akakaanga mapanki mpaka jua lizame. Mapanki ni masalio ya sangara: kichwa, uti wa mgongo, mkia, na nyama kidogo iliyosahauliwa na kisu. Miaka ile biashara ilipoachiwa huru, viwanda vya minofu vilichipuka mjini Mwanza, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na mifupa ikarudi kwa akina Sabina. "Wao wanakula samaki, sisi tunakula habari zake," alikuwa akisema huku akigeuza vichwa kwenye mafuta. Wateja walicheka na kununua.

Moshi wa kazi hiyo ulimharibu macho. Yalikuwa mekundu asubuhi, mekundu jioni, mekundu hata siku ya kanisani ambayo hakugusa kuni. Kwa Wasukuma wa wakati ule jambo hilo halikuwa la mzaha. Bibi mwenye macho mekundu alihesabiwa mchawi bila kuulizwa, na vikongwe walikuwa wakikatwa mapanga kwa sababu ng'ombe wa jirani amekufa au mtoto wa jirani ameharisha. Shangazi yake Sabina mwenyewe aliuawa hivyo, mlangoni kwake, akiwa ameshika ungo. Mwingine angejifunika khanga usoni na kupita pembeni. Sabina hakuwa mtu wa pembeni. Aliyemkodolea macho mara mbili aliambiwa: "Njoo upulize moto huu wewe, tuone kesho yako yatakuwa na rangi gani."

Alikuwa na mtoto mmoja, Gladness, aliyeolewa na Mihayo, mwendesha boti za kukusanyia samaki. Mihayo alikuwa kijana mpole, mchapakazi, mwenye kasoro moja ambayo mama mkwe wake aliiona tangu siku ya posa: aliyepaza sauti ndiye aliyemfuata. Heshima ya ukwe aliishika mpaka ikachekesha. Kwa desturi yao mkwe na mama mkwe hawagusani, hawali chombo kimoja, wala hawatazamani usoni, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja huingia majanini. Mihayo aliingia majanini hata kwenye barabara pana. Sabina alimpenda kwa adabu hiyo, na kwa adabu hiyo hiyo alimdharau kidogo.

Baada ya mavuno huja ngoma. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na lile litakalovuta watazamaji wengi ndilo linaloshinda. Kwa hiyo pamoja na mazoezi huwa kuna dawa: ya kuvuta watu, ya kulegeza miguu ya wapinzani, ya kukinga sauti ya mwimbaji isikauke. Nyamhela kiongozi wa ngoma alikuwa Ngosha, mtu mrefu mwenye sauti ambayo, tuseme ukweli, ilikuwa nzuri mno, na mwenye kujipenda kulikokuwa kukubwa kuliko sauti. Mwaka ule, elfu moja mia tisa tisini na nne, waliwaalika wachezaji kutoka upande wa Sengerema, ng'ambo ya ghuba. Mnunuzi mmoja wa samaki akawaazima wenyeji boti kubwa ya mbao yenye injini mpya, akawapa na petroli. Ngosha akatangaza kwamba wageni hawatasubiriwa ufukweni kama mizigo. Watapokewa majini, kwa nyimbo, boti ya wenyeji ikiwazunguka.

Asubuhi ya siku hiyo, Jumamosi moja ya Julai, Gladness alipita kikaangoni kwa mama yake akiwa amevaa shanga na njuga za ngoma. Alikuwa miongoni mwa waitikiaji.

"Mayu, leo Mihayo hatawatazama wageni," alisema, akimega mkia wa sangara. "Mganga kakataza. Mtu wa kwenye injini akiwatazama usoni kabla ngoma haijapigwa, miguu yetu italegea."

"Hatawatazama vipi, na yeye ndiye anayeendesha?"

"Atajifunika kitenge. Ngosha atasimama mbele, amwelekeze kwa mkono. Kulia, kushoto, basi."

Sabina aliacha kugeuza samaki. "Ngosha? Ngosha akianza kuimba haoni hata mke wake. Mwambie mumeo atoe hicho kitambaa."

"Nimwambie mimi? Ngosha ataniondoa kwenye ngoma." Gladness alicheka, akajifuta mafuta mdomoni na kukimbia botini. Mihayo alikuwa ameshakaa nyuma kwenye injini, kitenge cha njano kimefungwa kichwani na kuteremka upande mzima wa uso.

Ziwa lilikuwa tulivu siku hiyo. Hili lishikwe vizuri, maana baadaye kuna watu waliokuja kusema kulikuwa na wimbi. Hapakuwa na wimbi. Boti ya Sengerema ilionekana ikija taratibu, imejaa watu waliosimama wakipunga mikia ya ng'ombe, na nyuma yao mbali kidogo zilifuata nyingine mbili za mashabiki. Boti ya wenyeji ilitoka kwa mbio. Ngosha alisimama kwenye omo, mbele kabisa ya boti, lakini alikuwa amewageukia waimbaji wake, mgongo kwa maji, mikono yote miwili juu akiwaongoza wimbo. Mihayo, aliyeruhusiwa kumtazama Ngosha tu, aliiona mikono ile kwa jicho lililobaki wazi. Haikumwambia kulia wala kushoto. Akanyoosha tu.

Sabina alikuwa ameshaacha kikaango. Aliingia majini mpaka magotini, akapaza sauti yote aliyokuwa nayo, na sauti ya Sabina ilizoea kushindana na upepo. "Mihayo! Tazama mbele! Utaua watu leo!" Mwalo mzima ulisikia. Bwana mmoja wa nyavu hata alimkemea kwamba mama mkwe hamwiti mkwewe kwa jina hadharani.

Omo ya boti kubwa iliipanda ile ya wageni katikati. Mbao zilipasuka kwa mlio uliofika ufukweni baada ya macho kuona. Waliosimama walirushwa, waliokaa walibanwa chini, na boti ya wenyeji ikapita juu yao ikiwa bado na mwendo, injini ikiunguruma, propela ikizunguka katikati ya watu. Mihayo alikuwa akivuta kitenge machoni kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine, kwa kupagawa, alikuwa akiongeza moto badala ya kupunguza. Maji yalibadilika rangi mahali pale. Kulikuwa na ngoma zilizoelea, na watu waliozishika, na watu waliowapokonya wenzao ngoma hizo kwa meno na kucha ili wazishike wao.

Mitumbwi ya wavuvi ilitoka kuokoa. Sabina, ambaye hakujua kuogelea, alibaki maji yakimfika kifuani, akapokea walioletwa na kuwaburuta mchangani mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho aliyempokea alikuwa binti wa miaka kama kumi na sita, Suzana, mwimbaji wa wageni. Propela ilikuwa imemchana paja mpaka mfupani. Sabina alimlaza mapajani, akafunga khanga yake juu ya jeraha na kukaza kwa nguvu zake zote, akimwambia asilale, asilale, akimtukana alipofumba macho. Damu ilipita kwenye khanga, ikalowanisha gauni la Sabina, ikaingia mchangani. Binti alikufa akimtazama. Baba yake, Mashimba, mkulima wa pamba aliyetoka kwenye maji yale yale, aliwakuta hivyo: mwanawe hana uhai, na bibi mwenye macho mekundu amemkumbatia akiwa amelowa damu.

Gladness, aliyeangukia ziwani boti zilipogongana, alitoka majini, akapiga magoti nyuma ya mama yake na kumnong'oneza sikioni. "Hakuwaona kabisa, mayu. Ngosha hakumwonyesha kitu, alikuwa anaimba. Usiseme. Nakuomba. Hawa watamuua." Alikuwa na mimba changa ambayo mama yake tu ndiye aliyeijua.

Zile boti mbili za mashabiki zikafika. Wanaume wakashuka na fimbo na mapanga na makasia, wakaona ndugu zao wamelazwa kwenye mstari mchangani, na swali likawa moja: nani alishika injini? Watu wa Nyamhela walitazama chini. Mihayo alikuwa ameketi kando ya boti iliyokokotwa ufukweni, kitenge kimemning'inia shingoni, mikono yake imeshikana.

Ngosha akapanda juu ya meza ya mizani ya samaki. Alikuwa amelowa, na bado alijua kusimama mbele za watu.

"Ndugu zetu, mnauliza injini," alisema. "Injini ni chuma. Ziwa limetulia, jua linawaka, boti mbili zinaonana toka mbali. Zitagonganaje kama hakuna mkono? Mimi nimesikia, na mwalo wote umesikia, mtu akitabiri kabla. Alisema, utaua watu leo. Alijuaje? Mtazameni macho. Mtazameni nguo." Akanyoosha kidole.

Huo ndio ulikuwa uovu wa Ngosha, na haufai kupambwa. Alijua. Alijua mwenyewe amri ilitoka kwake, na mgongo ulioelekezwa majini ulikuwa wake.

Sabina alimlaza Suzana taratibu mchangani, akasimama. Neno moja lingemwokoa: Mihayo hakutazama. Lakini angelisema tu, mapanga yale yangegeuka yaende kwa mkwewe, na mtoto wa Gladness angezaliwa yatima. Asiposema, yangekuja kwake. Alifikiri haraka, kama mtu afikirivyo jiko likishika paa, akaona kuna njia moja tu ya katikati. Akageuka, akamtazama mkwewe usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Baba, sema wewe," alimwambia. "Sema mwenyewe, utubu, upelekwe polisi. Mimi sitakusemea."

Mihayo akainamisha kichwa, kama alivyofundishwa kufanya mbele ya mama mkwe. Katika maisha yake yote Sabina hakuwahi kuichukia adabu kama alivyoichukia dakika ile.

Kasia la Mashimba lilimpiga Sabina mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, na mfupa ukavunjika. Alipiga tena, likampata begani. Sabina alirudi nyuma akijikwaa mpaka kikaangoni, na hapo, kwa mkono uliobaki, akachota kwa upawa mafuta yaliyokuwa yakitokota na kummwagia Mashimba kifuani. Mashimba alianguka akijigaragaza mchangani, ngozi ikimtoka pamoja na shati. Kwa wenzake huo ukawa ushahidi wa mwisho. Walimpiga Sabina fimbo za kichwa, wakampiga mateke ya mbavu. Mmoja alimpiga kwa ubapa wa panga, kisha akamkata kwa makali, na vidole viwili vya mkono uliovunjika vikabaki vimeshikwa na ngozi. Walimfunga kamba ya nyavu shingoni wakaanza kumburuta majini, wakisema arudishwe alikowapeleka wenzao. Watu wa Nyamhela, waliokula mapanki yake miaka yote ile, walisimama. Wengine walirudi nyuma ili kuwapa nafasi wanaoburuta.

Gladness alikuwa akipiga kelele jina la mumewe. Hakusema kitu kingine, jina tu, tena na tena.

"Ni mimi," alisema Mihayo. Alisema kwa sauti ndogo, wakamsikia wachache, akarudia. "Mimi ndiye nilishika injini. Nilifunikwa kitenge. Ngosha alinikataza kutazama, nikamtii. Mwacheni mama. Alinionya, sikusikia."

Walimwacha mama. Kamba ilidondoka, na Sabina akabaki ameanguka kifudifudi maji yakimpita mdomoni, akisikia nyuma yake sauti ya makasia yakishuka juu ya mtu. Ngosha alishateremka kwenye meza ya mizani na kupotea kati ya vibanda. Wote sasa walikuwa juu ya Mihayo. Wa Sengerema walipiga kwa msiba wao. Wa Nyamhela nao waliingia na mawe, na hao walipiga kwa sababu walikuwa wamesimama kimya na sasa wamepata pa kuficha ukimya wao. Walimvunja taya. Walimvunja meno ya mbele. Mtu alikuwa akitafuta petroli kwenye tangi la boti, ile ile waliyopewa bure kwa ajili ya ngoma.

Sabina alitambaa. Alipita kati ya miguu yao, mkono mmoja ukiburutika, akamfikia mkwewe, na akafanya kitu ambacho hakuna mtu pale aliyewahi kukiona wala kukisikia. Alimlalia. Alimlalia mwili mzima, kifua kwa kifua, shavu lake juu ya shavu la Mihayo lililopasuka, akamfunika kichwa kwa mkono wake mzima.

Fimbo zilisimama hewani. Mama mkwe juu ya mkwewe, mchana, mbele ya watu: haya yake haina jina. Mwanaume wa kwanza aligeuza uso, akafuata wa pili. Mzee mmoja wa Sengerema alijifunika macho kwa kofia, akasema kwa uchungu, "Jamani, tuondoke hapa, tunaona tusichotakiwa kuona." Aliyeshika debe la petroli aliliweka chini. Dakika moja kabla hawakuona tabu kuua, ila kutazama hilo hawakuweza. Wakampa mgongo, wakarudi kwa maiti zao.

Lori la barafu la kiwanda kimoja lilikuwa limesimama juu barabarani, dereva akiwa amejificha ndani tangu vurugu zianze. Gladness alimlilia mpaka akafungua nyuma. Wakampakia Mihayo juu ya sangara na barafu, Sabina akapakiwa kando yake, na njiani vidole vyake viwili vilifungwa kwa kipande cha kitenge kile kile cha njano. Ilibidi waanzie kituo cha polisi, kwa kuwa aliyepigwa hapokelewi hospitali bila karatasi ya polisi. Mihayo taya lake lilikuwa limelegea, hakuweza kutamka. Askari akamgeukia Gladness.

"Ni ajali, afande," alisema Gladness. "Ajali ya ziwani. Halafu watu wakatuvamia kwa mambo ya uchawi. Hatukumkosea mtu."

Sabina alikuwa ameegemea kaunta. Angeweza kuliacha hapo. Mkwewe alikuwa hai, binti yake hakuwa mjane, na yeye alikuwa amelipa kwa damu ya kutosha. Lakini alikuwa bado na damu nyingine kwenye gauni lake, ya binti wa watu. Tena alijua kitu ambacho wenye kusoma sana hukisahau: kama kwenye injini hakuna aliyekosea, basi yuko aliyeroga. Likiitwa ajali leo, kesho watamtafuta bibi mwingine, na huyo hatakuwa na mafuta ya moto jirani.

"Andika," alimwambia askari. "Mihayo aliendesha boti akiwa amejifunika macho, na watu wamekufa. Nimeona mwenyewe. Andika Ngosha ndiye aliyemwamuru, na ndiye aliyenitia mikononi mwa watu. Andika Mashimba wa Sengerema kanivunja mkono. Na mimi nimemmwagia Mashimba mafuta ya moto, nalo liandike."

Askari aliinua kalamu. "Bibi, wewe si ndiye mlalamikaji?"

"Mimi nilikuwepo. Andika."

Gladness alimtazama mama yake kama anamwona kwa mara ya kwanza. Kwenye benchi Mihayo alifumba macho, machozi yakamtoka. Haikujulikana ni ya maumivu au ya kitu kingine.

Kesi ilichukua muda, kama kesi zote. Mashimba alipona na kovu kutoka kooni mpaka kitovuni. Alipoitwa kuulizwa juu ya mafuta, alisema hana shauri na bibi yule. "Nilimpiga mtu aliyekuwa akimfunga mwanangu jeraha," alisema. "Yaacheni." Yeye mwenyewe alikiri kasia, akahukumiwa kifungo cha nje. Alisimama wima wakati wa kukiri, na Sabina, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alimwambia aliyekaa naye benchini kwamba huyo ni mwanaume.

Ngosha naye aliitwa. Alikuja na suti ya mtumba iliyomkaa vizuri, akasema yeye ni mwimbaji tu, hashiki injini, na mambo ya kitenge hayajui. Waliokuwa botini wakaulizwa mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa akiimba, kila mmoja hakusikia. Kabla ya siku hiyo Ngosha alikuwa amepita nyumba kwa nyumba na wazee wawili, akiwakumbusha kwa upole kwamba dawa ya ngoma ikitajwa nje humrudia aliyeitaja, au mtoto wake. Kwa Gladness alikaa muda mrefu kuliko kwingine.

Gladness alipanda kizimbani na mtoto mchanga mgongoni.

"Nani alimwambia mumeo asitazame?" aliuliza hakimu.

"Nilikuwa naimba, mheshimiwa. Sikusikia mtu."

Sabina alishikilia benchi kwa mkono wake mzima. Mwanawe alikuwa amesikia kila neno, na alikuwa amelisimulia mwenyewe asubuhi ile huku akimega mkia wa samaki. Maneno hayo machache yangemfunga Ngosha na kumpunguzia Mihayo mzigo. Sabina alisema aliyoambiwa na binti yake, lakini mahakama ilitaka sikio lililokuwa botini, na sikio hilo lilikuwa limekana. Kwa macho yake yeye aliona kitenge tu, na mkono ulioongeza moto. Hilo likapokelewa lote.

Mihayo, alipoulizwa, alisema kwa mdomo ulioungwa vibaya, "Sikutazama." Alimtazama mtoto mgongoni mwa Gladness, hakumtaja mtu. Akafungwa kwa kusababisha vifo kwa uzembe. Ngosha alitoka kwa mlango wa mbele, akisalimia watu.

Nje, Sabina alimkuta binti yake amesimama kwenye kivuli cha ukuta, akimfunga mtoto upya mgongoni.

"Ulimlalia ili upate wa kumfunga," alisema Gladness.

"Nilimlalia asife."

"Ungewaacha."

"Gladness."

"Ungewaacha wamuue, mayu. Wale ningewachukia mpaka nife, na ningejua ninamchukia nani." Alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomuumiza mama yake zaidi ya kasia. "Wewe nitakuchukiaje? Niambie, maana nimejaribu mwaka mzima."

Sabina alikuwa na jibu kwa kila mtu mwaloni. Alitaka kusema Suzana. Alitaka kusema Ngosha, na kuuliza nani kamwachia leo. Mtoto akaanza kulia mgongoni, naye akanyoosha mkono, ule uliobaki na vidole vitatu, ili ampokee.

Gladness alimgeuza mtoto, akamweka upande wa pili. Kisha akavuka barabara kwenda kituoni kusubiri gari la Buhongwa, na kwa kuwa gari lilikuwa hilo moja, Sabina naye akavuka.